Ma'mdogo, Fundi wa Kundi Letu

Mama wa kambo ana bahati mbaya: akiwa mwema hakuna anayemsimulia, akiwa mbaya anasimuliwa hadi kwa wajukuu. Mimi nilipata mwema, na kama sitamsema nitakuwa mwizi wa fadhila.

Aliingia nyumbani kwetu nikiwa na miaka tisa, miaka miwili baada ya mama yangu mzazi kufariki. Alikuja na sanduku moja la nguo na cherehani nzito iliyobebwa na wanaume wawili. Siku hiyo hakunikumbatia wala hakunipa pipi. Aliniangalia kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu kisha akasema, "Kifungo cha pili hakipo, na cha nne kinaning'inia. Vua shati." Nikavua. Alipomaliza vifungo vyote vilikuwa sita, na mimi nilikuwa nimeshaanza kumwita Ma'mdogo.

Mahari yake ilikuwa kichekesho cha mtaa. Wenzake walitaka dhahabu, yeye alitaka chumba. Alimwambia baba kwamba nyumba yake ina chumba cha mbele kinachotazama barabara, kimejaa tairi chakavu na makopo ya rangi. Hicho ndicho alichokitaka kiwe mahari yake, na kiandikwe. Kikaandikwa. Akatoa tairi, akapaka ukuta chokaa, akatoboa mlango wa kuingilia wateja, na ule wa ndani unaoelekea sebuleni akauacha. Tangu hapo chumba kile kimevisha nusu ya mtaa wetu.

Baba alikuwa mwalimu wa udereva, na kazi ilikuwa imemwingia hadi kwenye ulimi. Ukila haraka, atakwambia punguza mwendo. Ukigombana na jirani, atakuuliza kwa nini unapiga honi na taa ni nyekundu. Alikuwa mtu wa msikiti, safu ya pili, nyuma kidogo ya imamu, mahali pale pale miaka nenda miaka rudi.

Na mimi nilikuwa muadhini wake. Ninasema wake kwa sababu hakuna aliyejivunia adhana yangu kumshinda. Tangu nina miaka kumi na mitano niliachiwa kipaza sauti alfajiri na magharibi. Nilikuwa na sauti, Mungu ndiye aliyenipa, na baba alizoea kuchelewesha hatua zake njiani ili aisikie yote kabla hajavua viatu.

Mungu huyo huyo alinipa na mwili wangu. Nilikuwa na miaka kumi na saba nilipoona kwenye simu ya rafiki kundi la wasichana wa nchi ya mbali wakicheza, tisa kwa pamoja, kama vidole vya mtu mmoja. Sikuelewa neno hata moja la wimbo wao. Lakini nilielewa jinsi yule wa katikati alivyogeuka: bega kwanza, kiuno kifuate, kidevu kije mwisho kabisa, kama mtu aliyeitwa na asiyetaka kuonekana kwamba amesikia. Nilikwenda chooni, nikafunga mlango, nikajaribu mara moja. Ikawa. Sikuhitaji mara ya pili.

Wapo wenzangu waliokuwa wameugua ugonjwa huo huo. Tulikuwa saba, wasichana wanne na wavulana watatu, na kiongozi wetu alikuwa msichana aliyeuza dawa kwenye duka la dawa baridi, tukimwita Kapteni. Jumamosi na Jumapili alasiri tulikwenda kufanya mazoezi mbele ya jengo moja la ofisi lenye vioo hadi chini. Siku hizo ofisi zimefungwa, na vioo vyake vilituonyesha kuanzia nywele hadi kisigino. Mlinzi alituruhusu kwa sharti moja tu: tusishike kioo kwa mikono, maana mfutaji ni mkewe. Magharibi ikiingia wenzangu walitandika bango kuukuu la tangazo la sabuni, wenye kusali wakasali, kisha kila mtu akatafuta njia yake. Mimi nilikuwa nimeshatangulia kwenda kuadhini.

Nafasi ya katikati walinipa mimi, kwa sababu mikono ya wasichana wenyewe, Kapteni alisema, ilikuwa kama ya watu wanaofukuza nzi. "Wewe una kiganja," aliniambia. "Sisi tuna mikono, wewe una kiganja."

Video ilitoka siku ya Alhamisi. Nani aliipiga sijui mpaka leo, na siku hizi sitaki kujua. Nilikuwa nimevaa koti la rangi ya fedha, suruali, na juu ya suruali kitambaa kilichofungwa kiunoni kama sketi. Nywele nilikuwa nimezishusha kwenye paji la uso. Midomo ilikuwa na rangi kidogo, ya Kapteni. Kufika Ijumaa asubuhi ilikuwa imeingia kwenye kundi la simu la msikiti, na chini yake mtu ameandika: *Huyu ndiye anayetuadhinia.* Chini ya hapo mwingine ametuma ile hadithi ya Mtume kuhusu wanaume wanaojifananisha na wanawake. Chini ya hapo watu thelathini na mmoja wameitikia.

Baada ya sala ya Ijumaa wanakamati watatu waliniita pembeni, karibu na kabati la misahafu. Hawakunipigia kelele. Imamu alikuwa nao, anaangalia zulia. "Kwa sasa," alisema, "kipaza sauti apewe mwingine, mpaka watu watulie." Nilisema sawa. Nilipogeuka nilimwona baba amesimama kwenye mlango na viatu mkononi, hajavivaa. Alikuwa amesikia.

Tulitembea hadi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Aliingia chumbani kwangu, akatoka na begi langu la shule limejazwa nguo ovyo ovyo, mkono mmoja wa shati ukining'inia nje. Akaliweka kizingitini.

"Shuka," alisema. "Safari yetu imeishia hapa."

Ma'mdogo alikuwa kwenye chumba chake, mlango wa ndani uko wazi, ana pini mdomoni, anapima gauni kwenye sanamu lisilo na kichwa. Alisikia. Alianza kutoa zile pini, moja moja, akizichoma kwenye kijimto. Zilikuwa nyingi. Baba na mimi tulisimama tukimngoja kama watu waliokuja kuchukua nguo zao.

"Unamfukuza?" aliuliza.

"Umeona alichofanya?"

"Nimeonyeshwa na wateja watatu tangu asubuhi. Nakuuliza, unamfukuza?"

"Katika nyumba yangu haishi mtu wa namna hiyo."

"Vizuri," Ma'mdogo alisema. "Nyumba ni yako na sikuingilii. Chumba hiki ni mahari yangu. Kiliandikwa mbele ya mashahidi, na wewe mwenyewe ulitia sahihi. Mahari ya mwanamke haiguswi na mume, hiyo ni sheria ya Mungu, sikuitunga mimi kwenye cherehani." Akainama, akachukua begi kizingitini, akaliingiza ndani. Halafu akanivuta na mimi kwa mkono wa shati kama vile mimi ni begi la pili. "Atakaa humu. Ukitaka kutufukuza wote wawili, nenda ukamuulize imamu kama inawezekana."

Baba aligeuka, na mlango wa ndani ukafungwa. Haukubamizwa, na mimi niliuogopa zaidi kwa sababu hiyo.

Ndivyo nilivyohamia hatua kumi na mbili kutoka chumbani kwangu. Nililala chini ya meza ya kukatia, juu ya godoro jembamba, kati ya majora ya vitambaa na ndoo ya vipande. Chumba kilinuka mvuke wa pasi na mafuta ya mashine. Lile sanamu nililigeuza likaangalia ukuta, maana kulala mbele ya mtu asiye na kichwa kunahitaji moyo. Baba aliacha kabisa kupita dukani. Alitokea lango la uani, akazunguka nyumba nzima, ili tu asinione.

Siku ya pili Ma'mdogo alisema, "Lete hiyo video."

"Umeshaiona."

"Nimeonyeshwa huku watu wananiangalia uso. Sijaiona. Lete, na uzime hiyo sauti yake."

Aliitazama mara mbili, simu ameisogeza mbali kwa sababu ya macho. Mimi nilikuwa nataka ardhi ipasuke. Akanyoosha kidole. "Hapa begani. Nani alishona hili koti?"

"Hatukushona, Ma'mdogo. Tulibandika. Kwa gundi."

"Gundi!" Alishika kifua. "Kwenye mwili wa binadamu! Gundi ni ya viatu na mabahasha." Kisha akaweka simu chini, na uso wake ukabadilika. "Nikuulize jambo, na usinidanganye. Unataka kuwa mwanamke?"

Nje mtu alikuwa anashusha bati kutoka kwenye gari, na kila bati lilipolia nilishukuru kwamba bado sijajibu.

"Sidhani," nilisema. "Sitaki kuwa mtu mwingine. Ni kwamba mkono wangu unakwenda hivi. Nimejaribu kuuzuia. Nikiuzuia mkono, shingo inakwenda. Nikiizuia shingo, nakuwa kama mtu aliyevaa nguo ya mtu. Nikicheza tu ndipo sizuii kitu."

Hakucheka. "Tangu una miaka tisa unashika kikombe hivyo," alisema. "Nilikuona siku ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba una mkono?"

Nililia. Aliniacha nilie, akawa anachambua nyuzi zilizosokotana, nyekundu huku, nyeusi huku. Nilipomaliza akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo, na nitayaandika kama alivyoyasema, asije mtu akamfanya kuwa kitu ambacho siye.

"Sasa nisikilize vizuri. Sijakukubalia. Muziki siupendi. Rangi ya mdomo kwa mwanamume siipendi. Hiyo hadithi waliyotuma naijua tangu hujazaliwa, na siku ya kuulizwa utajibu mwenyewe, mimi nina yangu ya kujibu. Lakini mimi si kadhi, mimi ni fundi. Mtu akiniletea mwili wake namshonea nguo ya kumkaa. Sijawahi kumkata mtu ili atoshe kwenye nguo, na sitaanza kwa mtoto wangu."

Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake. Nilipiga pasi, nikakata, nikajifunza kuficha mshono. Wateja wake walikuwa wanawake, na wiki ya kwanza walishusha sauti nikiingia. Wiki ya tatu walikuwa wananiuliza kama rangi ya zambarau inawatoa au inawazika. Mmoja, mwenye ulimi mkali, alimuuliza Ma'mdogo mbele yangu, "Fundi, na huyu bibi harusi wako ataolewa lini?" Ma'mdogo hakuinua kichwa. "Akishamaliza gauni lako," alisema. "Na kwa vile kiuno chako hakikubali kupimika, tutangoja sana." Duka zima liliangua kicheko, na yule mama naye akacheka, na hakurudia.

Kapteni alikuja kunitembelea, mtandio wake umefungwa kama kawaida, ameshika mfuko wa dawa za kikohozi kama mtu aliyekuja hospitali. Kumbe naye alikuwa na yake. Kaka yake alikuwa amemwambia mwanamke hawaamrishi wanaume, hata kwenye upuuzi. "Wewe wanasema umekuwa mwanamke," alisema, "mimi wanasema nimekuwa mwanamume. Tungebadilishana tu mambo yakaisha." Tulicheka mpaka Ma'mdogo akatukumbusha kwamba pasi inaunguza.

Nilikuwa nimeacha kwenda msikitini. Nilisali pale pale, kati ya meza na ubao wa pasi. Wiki nne zilipita hivyo, mpaka imamu alipokuja kuchukua joho lake alilolileta kupunguzwa. Alisimama katikati ya vitambaa, hajui aweke wapi macho.

"Fundi, usinichukie," alimwambia Ma'mdogo. "Watu walinijia. Nina jamaa ya msikiti ya kuichunga."

"Na huyu si wa hiyo jamaa?" Ma'mdogo aliuliza, akimkunjia joho taratibu.

Imamu aliniangalia mimi, mara ya kwanza tangu siku ile ya zulia. "Unasali wapi siku hizi?"

Nikamwonyesha sakafu.

Aliitazama ile nafasi, upana wa bega moja. Nadhani aliona vumbi la chaki, na alama mbili za magoti. "Adhana ni jambo moja," alisema polepole, "na sala ni jambo jingine. Kipaza sauti nilikichukua. Mlango sikuufunga. Njoo."

Nilikwenda siku hiyo hiyo magharibi, kabla ujasiri haujaisha. Nilisimama safu ya mwisho, karibu na viatu. Aliyekuwa kulia kwangu aliniangalia akasogea hatua mbili, na nafasi ikabaki kati yetu, pana, ya kumtosha mtu. Nilihisi ubaridi upande ule wa mwili. Hapo akaja fundi baiskeli, mikono yake bado ina weusi wa grisi usiotoka kwa maji. Aliiona nafasi, akanung'unika, "Zibeni safu, zibeni safu, hamjafundishwa?" akajikita pale, bega lake likagusa langu. Sijui kama alinipenda mimi au alipenda safu iliyonyooka. Nilimshukuru Mungu kwa vyote viwili. Baba alikuwa safu ya pili. Hakugeuka.

Kulikuwa na mashindano kwenye jengo la maduka, Jumapili alasiri, makundi kumi na moja. Kapteni alitaka twende. Mimi nilisema hapana mara tatu, na mara zote tatu Ma'mdogo alikuwa anashona kimya. Mara ya nne akauliza, "Mtavaa nini?"

"Bado hatujui."

"Gundi?"

"Hapana, Ma'mdogo."

"Waite waje wapimwe."

Alipima wasichana nyuma ya pazia. Wavulana mimi ndiye niliyezungusha utepe, yeye akaketi upande wa pili wa chumba akiandika namba, na kila nilipokosea alijua bila kuangalia. Kwa siku kumi hakuonyesha mtu kitu. Kisha akatundika makoti saba. Yalikuwa meusi, marefu hadi magotini, mikono mipana, suruali pana chini yake. Ya wasichana na ya wavulana ni yale yale. Nilijitahidi kuficha masikitiko. Ilikuwa kama nguo za watu wanaokwenda kusikiliza kesi.

"Vaa," alisema. "Zunguka."

Nikazunguka. Koti likafunguka kama mwavuli, na ndani, bitana yote ilikuwa ya rangi ya fedha. Chumba kizima kilimetameta, kisha nikasimama, kukawa kweusi tena.

"Ukizunguka inaonekana," Ma'mdogo alisema. "Usipozunguka, ni nguo ya kwendea kazini. Anayetaka kukutukana kwa ajili ya nguo itambidi akungoje ugeuke."

Ile rangi ya mdomo niliiacha. Hakuniomba. Wapo wenzangu walioniambia kwamba nimekubali kushindwa, na labda wanasema kweli. Lakini yeye alikuwa amenipa chumba, koti na mdomo wake mbele za watu, na mimi nilitaka kuwe na kitu kimoja, japo kidogo, ambacho nimempa mimi.

Siku yenyewe, asubuhi, nilimkuta amevaa hijabu yake ya kutokea, mkoba mkononi.

"Unakwenda wapi?"

"Nakuja kwa ajili ya zipu," alisema. "Zipu za siku hizi hazina adabu."

Walimpa kreti la soda akaketi nyuma ya pazia, kwenye nyaya na masanduku ya spika. Aliligeuza kreti akakaa kulipa kisogo jukwaa, akatoa tasbihi. Makundi yaliyotutangulia yalipita mbele yake yakitokwa jasho, na wengine walimwamkia wakidhani ni bibi wa kutunza mizigo. Muziki ulitikisa sakafu. Midomo yake ilikuwa inasema subhanallah, na mimi niliiona tu, sikuisikia.

Zikiwa zimebaki dakika tatu, zipu ya koti langu, ile ya mgongoni, ikaachia. Yote, kutoka shingoni hadi kiunoni, kama mdomo unaopiga miayo. Nilimkimbilia.

"Nilisema nini?" alisema, na sindano ilikuwa imeshatungwa. "Geuka. Usipumue."

"Ma'mdogo, wanatuita."

"Nimesema usipumue. Kusema ni kupumua."

Alinishonea ndani ya koti, mishono mirefu ya haraka, akakata uzi kwa meno. Kiganja chake kilibaki mgongoni mwangu kwa muda usiohitajika kwa kazi. "Bismillah," alisema. "Nenda."

Nilicheza. Siwezi kuwaeleza vizuri kuliko hivyo. Bega kwanza, kiuno, kidevu mwisho. Kulikuwa na vijana mbele waliopiga mluzi wa dharau tulipotokea, na mmoja akapaza sauti akaniita jina nisilolirudia. Kisha sote saba tukazunguka kwa pamoja, fedha ikafunguka jukwaani, na umati ukatoa ile sauti ambayo watu huitoa kabla hawajaamua kama wanakupenda. Mkono wangu ulikwenda unapokwenda. Sikuzuia kitu.

Tulipata nafasi ya tatu. Kapteni alilia kana kwamba ni ya kwanza. Niliporudi nyuma ya pazia, Ma'mdogo alikuwa pale pale, kisogo jukwaani.

"Hukuangalia," nilisema.

"Sikuja kuangalia. Lakini masikio hayana kifuniko. Katikati pale mmoja wenu alichelewa kutua mguu."

Ilikuwa kweli. Mshindo wa miguu kumi na nne, na yeye aliusikia mmoja, kama anavyosikia mshono uliorukwa.

Ulikuwa umepita kama mwezi, dada yake Ma'mdogo akaugua, akasafiri kwenda kumuuguza. Duka akaniachia. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mlango wa wateja ukafunguliwa, na aliyeingia alikuwa baba. Alikuwa amepitia barabarani, kama mteja, na suruali yake ya kazi ameikunja mkononi.

"Asalaam aleikum. Fundi yupo?"

Alikuwa anajua hayupo. Ndiye aliyempeleka kituoni.

"Waaleikum salaam. Shikamoo, Baba. Amesafiri. Niko mimi."

"Marahaba." Akanyoosha suruali. "Pindo limetoka. Nina mwanafunzi saa tano."

Nikaipokea. Akaketi kwenye benchi la wateja, magoti pamoja, akiangalia kalenda. Uzi ulikataa tundu la sindano mara mbili. Nilishona kwa mkono, kwa sababu mashine ina kelele na sikutaka kukosa neno, kama lingekuwepo.

Likaja. "Nina mwanafunzi mmoja," alisema, bado anaongea na kalenda. "Mikono yake laini kwenye usukani. Anaushika kwa ncha za vidole. Nikamwambia kaza, kaza, hivyo sivyo mtu anavyoshika gari. Akakaza kwa kuniogopa. Akagonga nguzo."

"Ameumia?"

"Hapana. Gari ndilo." Akakohoa. "Nikamwambia haya, endesha unavyojua. Wallahi, anaendesha vizuri. Sipendi kumwangalia akiendesha. Lakini anafika."

Nilifunga fundo, nikakata uzi, nikaipiga suruali pasi bila kuombwa. Alisimama, akalikagua pindo karibu na dirisha, akalipitisha kidole. Hakuona mshono, kwa sababu haukuwa wa kuonekana.

"Kumbe umejifunza kazi," alisema.

"Amenifundisha."

Alielekea mlango wa barabarani, kisha akabadili njia, akaenda kwenye mlango wa ndani, akausukuma. Ulifunguka. "Huu haukuwahi kufungwa kwa ufunguo," alisema akiwa amenipa mgongo. "Tatizo ni kwamba wewe huusukumi, na mimi sijui kuita." Akapita, na akauacha wazi nyuma yake.

Usiku huo nililala kwenye kitanda changu.

Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yote yalinyooka. Kipaza sauti sikurudishiwa, na adhana ya mtaa wetu siku hizi inatolewa na kijana mwingine, mwenye sauti nzuri, namwombea heri. Baba hajawahi kuja kutuona tukicheza, na mtu akilitaja mbele yake anaanza habari za magari. Kwenye safu bado wapo wanaosogea, ila wamepungua, na wengine wamechoka tu. Kapteni ameolewa na mtu anayemwita Kapteni hata mbele ya wakwe. Mimi nashonea makundi manne sasa, na bado nacheza.

Ma'mdogo macho yamepungua, kwa hiyo mimi ndiye ninayetunga sindano zake zote asubuhi, kumi na mbili, na kuzichoma kwenye kijimto kwa mstari. Wiki iliyopita, nikiwa katika kuzitunga, yote yalinijaa ghafla, chumba, begi, kreti la soda, nikaona kwamba sijawahi hata siku moja kumwambia. Nikaanza. Nilisema, Ma'mdogo, mimi nataka kukushukuru, kwa kila kitu, tangu siku ile—

"Mshukuru Mungu," alisema, akiwa ameinamia kitambaa, mkono ameunyoosha kwangu bila kuangalia. "Mimi nipe chaki."

Nikampa.